Shemeji Yangu Hakuchimba Juujuu

Kwa kuwa bado kuna watu wanaosema, na wengine wao husema wakiwa wamekaa barazani kwangu wakinywa chai yangu, nitaliandika jambo hili kwa mkono wangu ili lisiendelee kutembea mdomoni. Shemeji yangu ndiye aliyesimamia uchimbaji wa mtaro wa mkongo wa mawasiliano, kutoka kituo cha umeme hadi zahanati, kilomita kumi na moja. Mtaro ule ulichimbwa kwa kina kilichoagizwa. Anayebisha aje. Miwani ninayo, na muda ninao.

Huyu ni mdogo wa marehemu mume wangu, kitinda mimba katika watoto sita. Baba mkwe alikuwa mwashi, na kuta zake nyingi zimewazika waliozijengesha, zenyewe bado zimesimama. Mume wangu alikuwa mkaguzi wa shule. Mimi nilifundisha miaka thelathini na miwili, kumi na mmoja ya mwisho nikiwa mwalimu mkuu. Katikati ya watu wa namna hiyo akatokea mmoja aliyeruka dirisha la darasa la sita akaenda kushika sururu. Sisemi hivi kwa kumdharau. Zamani nilisema kwa kumdharau, na nitafika huko.

Alichimba visima, vyoo, misingi ya nyumba, na makaburi ya watu waliokuwa wakimcheka. Mume wangu alikuwa akisema, "Mdogo wangu akichimba shimo la duara, duara lenyewe huja kujifunza." Mimi nilikuwa natabasamu tu, kisha nabadilisha mazungumzo wageni wasije wakauliza zaidi.

Mkongo ulipokuja, kampuni iliyopewa kazi ilileta wahandisi vijana wenye michoro mizuri, lakini hakuna hata mmoja aliyejua wapi kuna mwamba na wapi kuna tope. Wakauliza mtu anayeijua ardhi yetu. Kila waliyemuuliza aliwaelekeza kwa shemeji, wakampa unyapara. Kwa asiyeuona, mkongo ni waya mnene kama kidole gumba, na ndani yake mna nyuzi za kioo nyembamba kuliko unywele. Humo ndimo zinamopita simu, picha na barua za nchi nzima. Mkataba ulisema uzikwe mita moja na robo.

Shemeji alisimama mbele ya mhandisi akiwa na viatu vyake vya kazi, akajipima kwa futi ya fundi. Kutoka wayo hadi kwapa ikatokea mita moja na robo, si zaidi si pungufu. Basi ikawa ndiyo sheria. Kila hatua kumi alikuwa anateremka mtaroni, ananyoosha mkono juu ya ukingo, na ukingo usipofika kwapani, aliyechimba kipande kile anaanza upya.

Kulikuwa na mchimbaji mmoja mrefu, wanamwita Mlingoti. Walipofika kwenye mwamba karibu na shule, Mlingoti aliweka sururu chini.

"Mzee, hapa tumegonga mfupa. Tupite juu kidogo tu. Nani ataona?"

"Mimi nimeshaona."

"Halafu kwapa lenyewe unapima la kwako. Langu liko mbinguni huko!"

"Ndiyo maana silipimi la kwako. Tungefika kuzimu. Chimba."

Mwamba ule uliwala siku nne. Tangu hapo wakamwita Bwana Kwapa, na jina likashika kama gundi. Nililichukia jina lile kuliko ninavyoweza kueleza. Mtu anapita nje ya lango langu, anaita kwa sauti, "Bwana Kwapa yupo?" Katika nyumba ya mkaguzi wa shule! Nilimwambia shemeji awakataze. Alicheka. "Shemeji, kuna watu wanaitwa waheshimiwa na hawajapima kitu maisha yao yote. Mimi angalau nimepewa jina la kifaa changu cha kazi."

Jambo jingine nalo lieleweke, maana ndilo lililotuokoa. Mkongo ukishalazwa, hufukiwa nusu mita ya udongo, kisha juu yake hutandazwa utepe wa plastiki wa njano, mpana kama kiganja, umeandikwa kwa herufi kubwa nyeusi: HATARI, MKONGO CHINI. Halafu ndipo mtaro hufukiwa mpaka juu. Kazi ya utepe ni moja: atakayechimba baadaye akutane na onyo kabla hajakutana na mkongo. Shemeji aliutandaza kilomita zote kumi na moja. Alikuwa akiunyoosha kwa mikono kama mtu anayetandika kitanda cha mgeni.

Mtandao ukafika. Binti yake ni nesi wa zahanati, na aliyefaidi zaidi ni wagonjwa wake. Kidonda kinapigwa picha, picha inaruka hadi kwa daktari wa hospitali kuu, jibu linarudi kabla mgonjwa hajafunga vifungo vya shati. Watu waliokuwa wakisafiri siku nzima kwenda kuambiwa "meza vidonge hivyohivyo" wakapumzika. Nilimsikia mama mmoja akisema mlangoni pa zahanati kwamba sasa hata ugonjwa wake umesoma.

Baada ya mwaka na miezi miwili wakaja watu wa barabara kutupanulia njia. Greda lilikwangua wiki tatu. Kisha ikaja mashine ya kuchimba mfereji wa maji pembeni ya barabara, na siku ya pili ya kazi yake, mbele ya duka la vifaa vya ujenzi, iliukata mkongo kama mtu anayekata uzi kwa meno.

Siku kumi na moja hapakuwa na mtandao. Nesi wetu alirudia kuwaandikia watu karatasi za kusafiri. Siku ya tatu lilipita gari la matangazo la kampuni ile, kipaza sauti juu, likisimama kila kona. "Tunaomba radhi kwa kukosekana kwa huduma. Hii imetokana na uzembe wa nyapara wa eneo lenu, aliyechimba mtaro juujuu kinyume cha mkataba." Hawakumtaja jina. Walihitaji kumtaja wapi? Nyapara wa eneo letu ni mmoja.

Tangu siku hiyo mgonjwa akiambiwa hakuna mtandao, alimjibu binti wa watu, "Muulize baba yako." Mzee mmoja alikataa kudungwa sindano naye, eti asije akaishia juujuu. Binti alikuja kwangu jioni, akavua kofia ya unesi, akaketi. "Mama Mkubwa, nimeyavumilia ya wote. Hili la sindano limenishinda." Akacheka, kisha hakucheka tena.

Kesho yake akaja mhandisi. Shemeji alimwambia kwamba mazungumzo ya heshima ya ukoo hufanyika nyumbani kwa mkubwa, kwa hiyo wakaja sebuleni kwangu. Alikuwa kijana mpole, ameshika kofia yake ngumu magotini kama sahani. Alitoa karatasi moja.

"Mzee, hii ni taratibu tu. Unakiri kwamba kina hakikufikiwa, unaweka sahihi, tunafunga faili. Na awamu ya pili inakuja, kilomita ishirini na saba. Unyapara ni wako."

"Nisipokiri?"

"Hapo, mzee, itabidi tutafute mwingine."

Sasa nimefika pale nilipoahidi. Nilimgeukia shemeji nikamwambia, "Weka sahihi. Maneno yaishe, watu wasahau, jina la kaka yako lipumzike." Nilisema hivyo mbele ya mgeni. Moyoni nilikuwa nimeshamhukumu: mtu aliyeruka dirisha la darasa, kwa nini asiruke na mwamba?

Alinigeukia. "Hata wewe, shemeji?"

"Nalinda jina la kaka yako."

"Kaka yangu amelala kwenye kaburi nililomchimbia kwa mikono hii. Na hilo nalo lilikuwa juujuu?"

Nilinyoosha mkono nikaichukua ile karatasi, kwa sababu nikikosa la kusema huwa nasoma. Iliandikwa: kina kilichopimwa, sentimita arobaini na tano.

"Zimepimwa kutoka wapi?" nikauliza.

"Kutoka juu, Mama."

"Juu ya nini?"

"Juu ya ardhi."

"Ardhi ya lini?"

Kijana alifumba na kufumbua macho. "Ardhi ni ardhi, Mama."

"Mwanangu, mwaka jana nilikuwa natoka langoni mwangu nakanyaga barabara. Leo nateremka ngazi tatu za saruji. Sikuzijengesha kwa ajili ya urembo. Ardhi uliyoipima wewe si ile aliyoichimba yeye."

Alikuwa na jibu lake tayari, nami namheshimu kwa hilo. Alisema watu wa barabara wamewaandikia rasmi kwamba greda lilishusha katikati ya njia tu. Pembeni, ulipopita mtaro, halikugusa. Ngazi zangu, kwa maelezo yao, ni matakwa yangu. Kisha akaongeza lililouma zaidi. "Halafu kuna utepe. Pale mkongo ulipokatika tumechimbua mita ishirini, hatukuona utepe hata kipande. Aliyeuzika angeukuta."

"Niliuzika," alisema shemeji.

"Uko wapi, mzee?"

Shemeji hakujua. Aliichukua karatasi mkononi mwangu, akamrudishia mhandisi bila sahihi, akaaga, akatoka. Mhandisi alimaliza chai yake kwa adabu akasema atarudi Ijumaa.

Asubuhi nilivaa viatu vya kutembelea nikamfuata shemeji kwake. Sikumwambia kwamba namwamini. Nilimwambia twende nikaone kwa macho yangu, naye akasema, "Haya, Mkaguzi," na hilo lilinichoma maana lilikuwa cheo cha marehemu. Tukashika njia ya dukani, yeye mbele mimi nyuma, kama watu wanaotoka mahakamani.

Tulipofika kwa jirani yangu mshonaji, shemeji alisimama ghafla nikamgonga mgongoni. Uani kwa mshonaji kulikuwa kumeanikwa nguo, mashuka mawili na sare za shule. Kamba iliyobeba nguo zile ilikuwa ya njano.

"Mama," shemeji aliita taratibu, kama anayemkaribia kuku asiruke, "kamba hiyo umeinunua wapi?"

"Ninunue nina wazimu? Niliiokota kwenye udongo siku greda lilipokwangua hapa mbele. Ilikuwa imejaa tele. Kila mtu alichukua."

"Hapa mbele wapi?"

"Hapa, kwenye ukingo, miguuni pako. Kwani ni yako?"

"Imeandikwa nini?" nikauliza mimi.

"Mwalimu, mimi nianike nguo au nisome?"

Tuliingia nyumba moja baada ya nyingine. Utepe ulikuwa umefunga banda la kuku la fundi baiskeli. Ulikuwa umeshikilia mlango wa choo cha muuza mkaa. Watoto walikuwa wamesuka kamba ya kurukia. Kinyozi alikuwa ameutundika mbele ya kibanda chake kama pambo la ufunguzi, HATARI imetazama wateja, na hakuna mteja aliyekuwa ametishika. Tulipofika kwangu shemeji aliingia bustanini bila kuniuliza, akasimama mbele ya nyanya zangu. Miche kumi na nane ilikuwa imefungwa kwenye vijiti kwa vipande safi vya njano. Kijana anayenilimia ndiye aliyevileta, nami mwenyewe ndiye niliyefunga mafundo. Mtu niliyefundisha watu kusoma miaka thelathini na miwili nilikaa na maandishi yale mwezi mzima mbele ya pua yangu, na sikuyasoma.

"Shemeji," alisema, "darasa la sita mlikuwa mnafundisha nini?"

Nilistahili. Nikafungua mafundo mwenyewe, yote.

Wengi walitoa, lakini si kwa moyo mkunjufu. "Nakuazima, Bwana Kwapa, sikupi," alisema fundi baiskeli. "Kuku wangu wakipotea, nakuja kulala kwako." Mshonaji alidai kamba mbadala kabla ya kuanua shuka, nami nikampa ya kwangu ya katani. Kufikia Ijumaa tulikuwa na zaidi ya mita mia tatu, na kila kipande shemeji alikilaza kwenye ukingo wa barabara mbele ya lango la nyumba kilikookotwa, jiwe huku na jiwe kule.

Mhandisi aliteremka garini akaanza kutembea. Alitembea polepole, kichwa chini, na alipofika kwenye vipande vyangu vya nyanya alichuchumaa. Watu walikuwa wamejaa malangoni.

"Utepe huu haukuwa katikati ya barabara," shemeji alimwambia. "Ulikuwa mtaroni, na mtaro uko pembeni. Niliuweka sentimita sabini na tano chini. Greda limeupita kwa sentimita tano, limeung'oa, limeumwaga juu. Zilizobaki chini ya greda ni hizo arobaini na tano zako. Sasa jumlisha. Msomi ni wewe."

Kijana alijumlisha. Nilimwona midomo ikicheza. Lakini alikuwa mkaidi, akasema anataka kuona mahali ambapo greda halikupita kabisa. Wakaenda nyuma ya zahanati, ambako mtaro unaiacha barabara. Mlingoti na wenzake wawili walichimba bila kuitwa. Utepe ukatokea mahali pake, umenyooka kama ulivyolazwa. Chini zaidi mkongo. Mhandisi alishusha futi mwenyewe, akasoma sentimita mia moja ishirini na saba.

"Mbili za ziada ni zawadi," alisema shemeji.

Jioni ile sikumwomba radhi kwa maneno. Katika ukoo wetu maneno hayo hatuyajui vizuri. Nilimwekea chakula kwenye kiti cha kaka yake, kile cha kichwani mwa meza, ambacho hakijakaliwa tangu msiba. Alikitazama, akafuta suruali yake kwa mikono, akakaa.

Wiki iliyofuata kampuni ilimwandikia barua: suala limefungwa, hatua hazitachukuliwa. Aliniomba nimsomee mara mbili. "Yaani wamenisamehe?" "Ndivyo walivyoandika." "Wamenisamehe nini?" Akairudisha kwenye bahasha, akawapelekea mwenyewe ofisini. Aliwaambia hivi, nami nilikuwepo: "Mlinitangaza kwa kipaza sauti. Nisafisheni kwa kipaza sauti. Barua hii nani atasomewa, mbuzi wangu?" Meneja alisema kampuni haina utaratibu wa namna hiyo. Shemeji akasema utaratibu wa kwanza waliupata wapi.

Awamu ya pili ikaanza bila yeye. Walimleta nyapara mgeni, mtu mzuri tu, na wachimbaji arobaini wakafika asubuhi na zana zao. Wakazikalia zana, wasichimbe. Mlingoti, ambaye alitukanwa kuliko wote pale mwambani, ndiye aliyesema. "Bwana Kwapa alitunyima usingizi kwa sentimita tatu, na bado mkamtangaza mwizi wa kazi. Sisi tutakaochimba kawaida mtatutangaza nini? Kwanza msafisheni yule, ndipo tujue mtaro tunaochimba ni wa nani."

Walikaa siku mbili. Ya tatu, saa nne asubuhi, gari la matangazo likasimama mbele ya lango langu. Tukatoka. Mtangazaji, kijana wa sauti nene, alisoma: "Wananchi, tunapenda kufafanua kuwa hitilafu ya awali ilitokana na sababu za kiufundi. Tunashukuru kwa ushirikiano." Akaweka chini kipaza sauti, dereva akawasha gari.

Shemeji akasimama mbele ya boneti.

"Mzee, tupishe."

"Sababu za kiufundi ni nani? Mimi siwafahamu. Mlipotaka kunichafua mlisema nyapara. Sasa semeni mtu."

"Mzee, mimi nasoma kilichoandikwa. Jina lako halimo humu."

"Lete," nikasema, nikanyoosha mkono kupitia dirishani. Aliniangalia, akaangalia umati, akanipa. Niliiweka ile karatasi juu ya boneti, ilikuwa ya moto, nikafuta sababu za kiufundi kwa mstari mmoja ulionyooka. Juu yake nikaandika kwamba mtaro ulichimbwa kwa kina cha mkataba, na nikaandika aliyeuchimba: jina lake, la baba yake na la babu yake, kwa mwandiko wa ubaoni ambao hata mvivu huusoma. Kijana alimpigia mtu simu. Alisikiliza, akasema "ndiyo, wapo, wengi," akasikiliza tena. Kisha akashika kipaza sauti akasoma.

Mshonaji alipiga kigelegele. Nilidhani yameisha. Gari likaondoka, na shemeji akaanza kutembea nyuma yake.

"Unakwenda wapi?" nikamwita.

"Huku walisoma kwa sababu tupo. Na kule je?"

Dereva alimsihi apande, jua ni kali. "Kama ni kutembea njia hii, mwanangu," alimjibu, "nimeshaitembea hatua kumi kumi, nikizama na kuibuka. Endesha." Wachimbaji wakaziacha zana wakamfuata. Mimi nilikwenda mpaka shuleni, viatu vikanishinda, nikapakiwa kwenye baiskeli ya yule fundi wa kuku, jambo ambalo mwalimu mkuu hafanyi. Kwenye kituo cha tisa mtangazaji alijaribu kufupisha, akalitaja jina moja tu. Shemeji akagonga boneti kwa kidole kimoja. Akarudia, yote matatu.

Walifika zahanati alasiri. Binti yake alitoka nje na sindano bado mkononi, wagonjwa nyuma yake, na jina likasomwa mara ya kumi na tano. Mtangazaji alikuwa ameshaiacha karatasi kwenye kiti. Alilisema kutoka kichwani.